Fundi wa bustani naye ni mfanyakazi

Mutatucheka. Sisi ambao munatuona kila tarehe 1 Mei na mabango, sisi tunaobishana na makampuni juu ya mishahara, juu ya viatu vya usalama na saa za usiku, leo tunaandika juu ya maua. Chekeni, kisha someni mpaka mwisho, maana habari hii ya maua ilituonyesha kitu ambacho hatukupenda kukiona.

Nyumba ambayo sendika yetu inapanga hapa Luano, nyuma ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ina vyumba viwili na sebule. Mbele yake kuna kiwanja cha mita 9 kwa mita 6. Kukiita kiwanja ni heshima tu. Kilikuwa udongo mwekundu mtupu, na papai moja iliyokufa, na shimo ambalo mvua ya ku paa ililichimba zaidi kila mwaka. Mu mwezi wa nane vumbi liliingia mpaka ndani ya mafaili. Mu mwezi wa kwanza wazee walivuka juu ya matofali tuliyoyapanga kama daraja, na sisi tuliwashika mikono.

Kila Alhamisi wanakuja watu: wajane wanaofuata mafaili ya waume zao, vijana waliofukuzwa kazi, wazee wa pensheni. Sebule ni ndogo, basi wanangoja nje. Siku moja mama mmoja, mjane, alituambia bila hata kukasirika: « Ku biro ya kampani banatuikalisha mu jua. Kwenu pia ni mu jua. Sasa tofauti ni nini? »

Hatukuwa na jibu. Alhamisi ile hatukufanya kazi vizuri.

Tulipoleta neno hilo mu mkutano, mtunza sanduku wetu alisimama. Huyu ni mtu anayelinda cotisation kama yai, na tunamshukuru kwa hilo. Alisema: « Feza ya mutu wa mu shimo haiwezi kuisha mu maua. » Wengi walipiga makofi. Tulihitaji mikutano miwili kueleza kwamba hatuombi maua, tunaomba kivuli, mahali pa kuikala, na njia ambayo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kupita bila kuanguka. Mwishoni walitupatia dola 300. Si senti moja zaidi.

Tunaelewa kwa nini watu walikataa. Mu mji huu bustani ya mbele ina historia yake. Lubumbashi, Élisabethville ya wakati ule, ilianzishwa 1910, na barabara zake zikapangwa zimenyooka, na miti, na nyumba zenye maua mbele kwa ajili ya Wazungu. Kati yao na cité ya Waafrika, ile tunayoiita leo Kamalondo, wakoloni waliacha nafasi tupu, wakaiita zone neutre. Upande wao maua yalikuwa ya kuangaliwa. Upande wetu lupango ilikuwa ya kupikia, kufulia, kupanda lengalenga na matembele. Baadaye, mu miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière ilipoanza kuweka wafanyakazi mu kambi pamoja na wake zao na watoto, usafi wa mbele ya nyumba ulikuwa amri. Ua safi halikuwa furaha ya mwenye nyumba, lilikuwa sehemu ya kazi.

Na yule aliyeshika mpini wa jembe mbele ya nyumba ya mkubwa alikuwa na jina gani? « Boy jardin. » Mtu wa miaka hamsini, baba ya watoto wanane, anaitwa boy. Neno lile bado linatembea mu midomo yetu, tusidanganyane. Wengi wetu tulilisema mu mwezi huo wa kutafuta.

Basi tukaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuja na gari na tableti. Kijana mpole, msafi, paysagiste kweli, ana karatasi za shule. Alipima kwa chombo cha taa nyekundu, akatuonyesha picha: mitende miwili, changarawe nyeupe, majani ya plastiki ya kijani, taa ndogo zinazotoka mu udongo. Ilikuwa nzuri, hatusemi hapana. Devis yake: dola 1 800. Mtunza sanduku wetu alitoka nje kupiga simu na hakurudi. Hatumlaumu kijana huyu. Kuna Luano mbili, na yeye amezoea ile ya Luano City, ambako lami imefika na gazoni inamwagiliwa. Luano yetu ni ya njia za udongo, na mai tunayafuata ku foraji kwa bidoni. Kosa letu ni kwamba hatukumwambia tangu mwanzo kwamba tuna dola 300 tu. Tuliona haya. Tulimfanya achome mafuta ya gari bure.

Wa pili tulimkamata njiani, na kibaruwete cha maua. Alisema dola 60 zinatosha, gazoni ya paspalum kiwanja kizima, siku mbili. Bei ilitupendeza sana, na mtu akipendezwa na bei haulizi tena kitu. Tulikuwa mwezi wa nane! Kila mtoto wa Katanga anajua kwamba mvua haishuki hapa toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi inaponusa, na kwamba Septemba na Oktoba jua linapiga kama nyundo. Alipanda, tukamlipa, akaenda zake. Wiki tatu baadaye kiwanja kilikuwa na rangi ya mkeka. Tulimtukana mu mkutano, yeye asipokuwapo. Ila tuseme ukweli: mu sisi wote kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyemwanga ndoo moja ya mai. Na hakuna aliyemwambia kwamba hapa hakuna robinet.

Zilibaki dola 240.

Aliyetusaidia ni yule mama mjane. Alisema: « Ninyi batu ya sendika, mukitaka kujua kama mutu anajua kazi, munamuuliza yeye? Hapana. Munaenda kuona kazi yake. Mungojee mwezi wa kumi, mutembee, muangalie lupango gani iko inaishi. »

Tangu siku ile tunamwambia kila mtu anayetuuliza fundi wa bustani: usiangalie mu mwezi wa pili. Mu mwezi wa pili mvua ndiyo fundi, hata mvivu ana bustani. Mwezi wa kumi ndio mtihani. Ardhi imekauka, jacaranda zimejaa maua ya zambarau mu mji na zinatudanganya kwamba kila kitu ni kizima, lakini shuka macho chini uone nini kinapumua. Mahali utakapokuta ua dogo la kijani, la mtu asiye tajiri, piga hodi, uliza nani alilifanya.

Tulitembea Jumapili moja, baada ya misa na kultu, kutoka Luano kuelekea Bel-Air. Tulipiga hodi mara tatu. Nyumba mbili kati ya zile tatu zilitaja mtu mmoja.

Tutamwita Mzee tu, hataki jina lake mu gazeti. Anauza miche kandokando ya barabara, mu mifuko myeusi ya plastiki, chini ya kibanda cha matete. Zamani alikuwa mu timu ya bustani ya kambi moja ya Gécamines. Aliondoka 2003, mu ule mpango wa kuondoka kwa hiari ambao Banque mondiale ilitia feza na ambao ulitoa zaidi ya wafanyakazi 10 000 kwa mara moja. Wengi wetu tuna baba au mjomba mu hesabu ile. Tunakumbuka sana wachimbaji, mafundi wa mashine, watu wa four. Juu ya watu wa bustani wa kambi, hakuna hata mu sendika aliyeuliza walienda wapi. Basi wako njiani, wanauza mabugenvilia.

Mzee alikuja kwa miguu. Hakupima kitu. Alisimama ku mlango wa lupango akanyamaza muda mrefu, mpaka mmoja wetu akafikiri amechoka. Kisha akaanza kuuliza. « Mutu wa kwanza anafika hapa saa ngapi? Anaikala wapi? Jua la saa nne linatokea upande gani? Mayi ya ku paa inaenda wapi? Hapa nani atamwanga mayi mu mwezi wa tisa, siku ninyi wote muko mu greve? » Halafu akaangalia miguu yetu. « Na ile viatu ya mugodi, munavulia wapi? »

Tulisema: ndani. Akatikisa kichwa.

Swali hilo la viatu, hakuna aliyekuja na tableti aliyeliuliza. Na sisi wenyewe, watu wa mgodi, hatukuwahi kulifikiri. Tunajua kabisa habari ya vumbi. Tunaijua Kasulo, kule Kolwezi, ambako 2014 mtu alichimba mu lupango yake akakuta heterogenite, na kwa muda mfupi mtaa mzima ukachimba, mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, hata ndani ya nyumba. Mu 2018 watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji walichapa kazi yao juu ya mtaa ule: walikuta cobalt nyingi mu vumbi la nyumba na mu mkojo wa watu, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Karatasi ile tumeitumia mara ngapi mbele ya wakubwa wa makampuni! Lakini ku mlango wetu wenyewe vumbi la viatu liliingia kila jioni, na watoto wa wajane walicheza juu yake.

Baada ya saa nzima Mzee alisema bei. « Dola makumi mbili, ya kuangalia na kusema. Mukinipatia kazi, hii makumi mbili inahesabiwa ndani ya kazi. Kama hamunipatie, ni yangu. »

Mwenzetu mmoja, delege wa miaka mingi, alicheka: « Mzee, sisi tunalipa kazi, hatulipi maneno. »

Mzee alimwangalia kwa upole. « Na weye, tata, banakulipaka juu ya nini? Si juu ya maneno? »

Tulilipa.

Tunataka kubaki kidogo hapa, maana hapa ndipo neno letu lilipo. Mu mji huu tumezoea kufikiri kwamba mtu wa bustani ana mikono tu. Mikono tunailipa, tena kidogo. Kichwa tunakichukua bure. Tunamwita aje « kuangalia », anaangalia, anatuambia panda hiki, kata kile, mai yapite hapa, na sisi tunasema aksanti Mzee, tutakuita. Kisha tunamtuma kijana wa mtaani afanye yaleyale kwa bei ya soda. Yule mwenye tableti, kichwa chake tunakiheshimu kwa sababu kimechapwa mu rangi. Mzee aliandika plan yake kwa kijiti mu vumbi, na plan ile ilikuwa na akili kuliko zote. Kama injinia wa mgodi angekuja kuangalia shimo, je, tungemwambia angalia bure, utalipwa ukishika koleo?

Basi hii ndiyo plan ya mu vumbi.

Kwanza, mai. Mzee hakupanda kitu mpaka maji ya paa yalipopata njia. Mwenzetu mmoja ni topografe, akapiga hesabu: mvua ya hapa ni karibu milimita 1 200 kwa mwaka, paa letu ni mita za mraba 80 hivi, basi juu ya vichwa vyetu zinapita zaidi ya mita kubo 90 za maji kila mwaka, na sisi tunabeba bidoni. Tukaweka mfereji wa bati na pipa mbili za zamani, zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Mzee alikataa kabisa mapipa ya mgodini, hata yaliyooshwa mara saba. Shimo lile la mvua likajazwa mawe, maji yanayozidi yanashuka humo polepole.

Pili, kivuli. Sisi tulitaka mwembe. Alisema mwembe mu mita 6 utakula nyumba. Jacaranda vilevile. Alitaka mabomba manne ya chuma kilichotumika, waya juu yake, na marakuja ipande. Mti wa kivuli unangoja miaka, marakuja inakimbia mu msimu mmoja, na inazaa. Pembeni, mlimau mmoja tu, wa kupandikizwa.

Tatu, udongo. Udongo wetu mwekundu ni mchovu, una asidi. Mzee alimtuma mtu kuleta udongo wa kichuguu. Mutu wa Luano anavijua vichuguu, vile vilima vikubwa vya mchwa, vingine vinapita mita 5, vinavyosimama mu mashamba na katikati ya nyumba. Tumezoea kuvipasua kwa ajili ya matofali. Wanaagronomia wa Université de Lubumbashi wamevichunguza miaka mingi, na wanasema kile ambacho mabibi zetu walikijua: udongo ule una chakula kuliko udongo wa pembeni yake. Ukachanganywa na mavi ya kuku, ukatiwa mu mashimo tu, si kiwanja kizima. Hapo bei ilipona.

Nne, viatu. Karibu na mlango, kibenchi cha matofali, jiwe la kukanyaga, burashi iliyofungwa kwa kamba ili isiibiwe, na pipa ya pili. Mutu anatoka mgodini, anaikala, anavua, anasugua, anamwanga. Maji yale machafu yanaenda ku mstari wa vetiveri ku ukuta. « Hapa lengalenga hapana, » alisema Mzee. « Hata kama munaona inapendeza, hapa hapana. Na hata mutoto asichezee hapa. » Lengalenga ilipata pembe nyingine, mbali na viatu.

Na maua? Ndiyo, maua yapo. Bugenvilia moja ku mlango, maana haiogopi mwezi wa kumi. Mistari miwili ya canna pale maji ya paa yanapopita. Sansevieria ambayo wake zetu walileta bure kutoka nyumbani kwao. Mzee alituambia tusinunue kitu ambacho jirani anacho, tuombe kipande. Muuza miche ndiye anatuambia tusinunue! Siku ile ndipo mtunza sanduku alipompenda.

Kupanda kulingoja mvua za kwanza za Novemba. Tulikuwa na haraka, Mzee hakuwa nayo.

Sasa tufike mahali panapouma.

Kazi ya mikono ilifanywa na kijana mmoja, jamaa wa jirani. Mzee alikuja mara sita kuonyesha, kijana alikuwa pale kila siku. Alichimba, alibeba matofali, alisimamisha mabomba, kisha akabaki kumwanga na kung'oa nyasi. Tulimpatia franka 10 000 kwa siku, mkononi, jioni. Tulijisifu. Tulikumbuka kwamba dekreti ya Mei 2018 ilipoweka mshahara wa chini, iliandika franka 7 075 kwa siku kwa manœuvre, tukasema: tazama, sisi tunapita. Hakuna aliyeuliza bei ya mfuko wa unga ilikuwa ngapi mu 2018 na ni ngapi leo. Kama kampuni ingetuletea hesabu ya namna ile ku meza ya majadiliano, tungesimama na kutoka.

Halafu, mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, mwandishi wetu alifunga kitabu cha matumizi. Aliona tumepita bajeti kwa dola 41. Aliona pia kitu kingine. Jina la kijana, au tuseme neno « kijana », maana hata jina hatukuandika, lilikuwa limeandikwa mara 23 toka mwanzo wa Novemba.

Siku ishirini na tatu. Kila delege mu mji huu anaijua Code du travail, sheria n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, na kama hajui vifungu vyote, kifungu cha 40 anakijua hata usingizini. Kinasema kwamba mfanyakazi wa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 mu kipindi cha miezi miwili, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kuisha, kazi ile inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Kifungu hiki tumekisoma mbele ya inspecteur wa kazi mara nyingi. Tumekitumia kwa ajili ya wafagiaji, walinzi, wapishi, watu ambao makampuni yanawatoa siku ya 21 na kuwarudisha mwezi unaofuata kama wageni. Na watu wa bustani wa migodini, tuseme pia, mara nyingi ndio wa kwanza kusukumwa mu sous-traitance, maana wakubwa wanasema bustani si kazi ya mgodi.

Na sisi hapa, mbele ya nyumba yetu, na bendera ya sendika ku ukuta, tulikuwa na mtu wa siku ya 23 asiye na karatasi wala jina.

Mabishano yalikuwa makali. Wengine walisema: sisi si kampuni, hatuna faida, ni kusaidiana tu, kijana ni kama mtoto wetu. Tulishangaa kusikia neno hilo mu midomo yetu, « ni kama mtoto wetu ». Ni neno lilelile ambalo patrons wanalisema wakitaka kupunguza mshahara. Wengine walisema: tumtoe leo, tumrudishe mwezi wa pili, jambo limeisha. Aliyesema hivyo aliona haya kabla ya kumaliza, lakini alisema, na tunaandika kwamba alisema. Mtunza sanduku, kama kawaida yake, aliuliza feza zitatoka wapi. Swali lake si baya. Kiwanja cha mita 9 kwa 6 hakihitaji mtu siku nzima, siku sita kwa wiki.

Tulipomuuliza Mzee, alitupatia jibu ambalo hatukulitafuta mu Code. Alisema ua dogo linaomba mtu asubuhi mbili kwa wiki, si zaidi, lakini linaomba mtu yuleyule mwaka mzima. Bustani inakufa kwa kubadilisha mikono. Pembeni yetu kuna dispansere, kuna shule, kuna kanisa mbili, kila moja ina kiwanja kidogo na kila moja inaita mtu wa bei ya chini akipita njiani. Tukiungana watano, kijana anapata juma zima la kazi, kwa karatasi moja na mshahara mmoja unaojulikana. Na Mzee anapita mara moja kwa mwezi kuangalia na kusema, kwa dola 20 zake ambazo hatubishani nazo tena.

Dispansere imekubali. Kanisa moja imesema itaomba kwanza. Shule inangoja direkta arudi kutoka Likasi. Kijana mwenyewe, tulipomwita aikale na sisi badala ya kusimama ku mlango, aliuliza kitu kimoja tu: kama kwenye karatasi wataandika « jardinier » au « journalier ». Anajua tofauti.

Jumamosi hii tuna mkutano, na karatasi yake ndiyo jambo la kwanza kwenye ajenda, kabla ya habari ya primes. Tutafanyia mbele ya nyumba, ku benchi. Wajane wamealikwa. Marakuja haijafika bado juu ya waya, imebakiza kama mita moja, basi kila mtu alete kofia yake.